Kabla mtamba hajauzwa, albumini ielezwe

Majuma kadhaa yaliyopita, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu aliingia ofisini mwangu akiwa ameshika karatasi ya mchango. Si jambo geni katika vyuo vyetu. Mwalimu yeyote aliyekaa miaka michache chuoni amekwisha kuandika jina lake kwenye karatasi nyingi za aina hiyo: za karo, za mazishi, za hospitali. Hii ilikuwa ya hospitali.

"Ni Mama, Mwalimu," akaniambia. "Amevimba kuanzia miguuni hadi tumboni. Figo zake zinavujisha protini. Tumeambiwa anunuliwe albumini, chupa moja kila siku kwa siku tano. Baba ameuza mtamba, lakini pesa bado hazijatosha."

Nilimuuliza albumini ni kitu gani. Akajibu kwamba ni protini ya kuvuta maji. Nikamuuliza tena: huyavuta kutoka wapi na kuyapeleka wapi? Alinyamaza, akatazama sakafu. "Hatukuuliza, Mwalimu. Daktari alieleza kwa Kiingereza, halafu nesi akamwambia Baba aende kwenye duka la dawa."

Nilitoa nilichokuwa nacho, naye akanishukuru na kwenda zake. Lakini yale maneno mawili, "hatukuuliza", yalibaki yakinisumbua. Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa maneno na sarufi, nao haujawahi kumponya mtu hata mafua. Hata hivyo, familia inapouza mtamba kwa ajili ya neno moja isilolijua maana, jambo hilo limeingia katika shamba ninalolilima. Niliyoyasoma tangu siku hiyo, nikisaidiwa na wenzangu wa kitivo cha udaktari, ndiyo ninayowaletea wasomaji leo.

Tuanze na uvimbe wenyewe. Maji yanapozidi mwilini si ugonjwa peke yake, bali ni ishara ya ugonjwa. Wahenga wetu wa pwani walikuwa na neno safura kwa maradhi ya minyoo yaliyomfanya mtu kupauka na kuvimba. Waarabu nao huuita uvimbe wa maji istiskaa, neno litokanalo na kuomba maji, na ambalo pia ni jina la sala ya kuomba mvua. Siku hizi tunajua kwamba maji hayo yaweza kuletwa na moyo uliochoka kusukuma damu, na ini lililojaa makovu, au na figo zinazoshindwa kuitoa chumvi au kuizuia protini isivuje. Uvimbe ni mmoja machoni, lakini asili zake ni nyingi. Msomaji na alishike hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua mengi huko mbele.

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini. Ini la mtu mzima mwenye afya hutengeneza kiasi cha gramu 10 hadi 15 kila siku, na katika kila lita ya majimaji ya damu yake hupatikana gramu 35 hadi 50. Miongoni mwa kazi zake ni kusaidia kuyashika maji ndani ya mishipa ya damu yasipenye na kujaa katika nyama ya mwili. Mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, alieleza mwaka wa 1896 jinsi nguvu mbili zinavyoshindana katika mishipa midogo: msukumo wa damu unaoyatoa maji nje, na mvuto wa protini unaoyarejesha ndani.

Dawa ya pili katika kisa chetu ni furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la dawa ya kukojosha. Imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Kazi yake ni kuizuia figo isiirudishe chumvi mwilini. Chumvi hutoka kwa mkojo, nayo maji huifuata. Sasa, furosemidi haisafiri peke yake katika damu. Zaidi ya asilimia 95 yake huwa imeshikamana na albumini. Tukipenda mfano wa nyumbani, albumini ni matatu na furosemidi ni abiria aendaye kazini kwenye figo. Matatu zikipungua barabarani, abiria hutawanyika vichochoroni, na wachache tu ndio wafikao.

Kutokana na hayo likazaliwa wazo ambalo ndilo lililomuuzisha yule mzee mtamba wake. Iwapo mgonjwa amevimba, albumini yake iko chini, na dawa ya kukojosha haifanyi kazi ipasavyo, basi na atiwe albumini pamoja na furosemidi kwa pamoja. Albumini itayavuta maji kutoka katika nyama hadi kwenye mishipa, itaibeba dawa hadi kwenye figo, na figo itayatoa maji nje. Mwaka wa 1987 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila albumini hawakukojoa vyema walipopewa furosemidi pekee, lakini walipopewa dawa hiyo ikiwa imechanganywa na albumini, mkojo uliongezeka. Wazo likapata mguu wa kusimamia.

Ni wazo zuri. Lina mpangilio, lina mantiki, na lafundishika ubaoni kwa dakika tano. Lakini sisi walimu twajua vyema kwamba hoja yaweza kuwa na mantiki kamili na bado isiwe kweli, maadamu mojawapo ya nguzo zake ina ufa. Hebu tuzitazame nguzo hizo.

Nguzo ya kwanza yasema kwamba albumini ikipungua ndipo mtu avimbapo. Mwaka wa 1954 madaktari wa Ujerumani walieleza habari za watu waliozaliwa karibu bila albumini kabisa katika damu yao. Kwa hoja yetu, watu kama hao wangepaswa kuvimba kupita kiasi. Kumbe sivyo. Aghalabu watu wa aina hiyo huwa na uvimbe mdogo tu, na wengine huishi maisha yao bila shida kubwa. Katika ugonjwa wa figo zinazovujisha protini, imeonekana kwamba figo zenyewe huing'ang'ania chumvi, na ung'ang'anizi huo ni sababu kubwa ya uvimbe, mbali na upungufu wa albumini.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Kila mwalimu wa shule ya msingi amefundisha habari za unyafuzi, au kwashiakoo kama wengi tuujuavyo. Neno hilo lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana ya leo, na Daktari Cicely Williams ndiye aliyelipeleka katika vitabu vya tiba katika miaka ya 1930. Kina mama wa huko walikuwa wakilitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa kuja kwa mdogo wake. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto huyo huvimba kwa sababu hana protini ya kutosha katika damu. Mwaka wa 1980 Daktari Michael Golden, akifanya kazi Jamaika, alionyesha kwamba watoto wanapotibiwa kwa chakula, uvimbe hupungua kabla albumini yao haijapanda. Na hadi leo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wakataza kumpa mtoto mwenye unyafuzi dawa za kukojosha kwa ajili ya uvimbe huo. Maelezo yaliyokuwa rahisi kufundisha hayakuwa maelezo kamili.

Nguzo ya pili yasema kwamba furosemidi hukosa kufika kwenye figo kwa kukosa wa kuibeba. Hapa mfano wangu wa matatu hauna budi kupewa mipaka. Panya wa mwaka wa 1987 hawakuwa na albumini kabisa, ilhali wagonjwa wengi bado wanayo, hata kama imepungua. Kwa wengi wao dawa hufika, na pale inapofika kwa uchache, daktari aweza kuongeza kipimo, kuitia kwa mshipa badala ya kidonge, au kuongeza dawa nyingine ya kukojosha inayofanya kazi katika sehemu tofauti ya figo.

Hatimaye huja hesabu, ambayo haimpendelei mtu. Chupa ya mililita 100 ya albumini ya asilimia 20 ina gramu 20. Hizo ni sawa na kazi ya ini kwa siku moja au mbili. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zinavuja, sehemu kubwa ya albumini anayotiwa hutoka kwa mkojo katika siku moja au mbili zifuatazo. Ni kama kuteka maji kwa pakacha: kazi inaonekana, lakini mtungi haujai.

Nadharia ikitiliwa shaka, mwamuzi ni majaribio, ambapo wagonjwa hugawanywa kwa kura na wengine hupewa dawa zote mbili, wengine moja. Mwaka wa 2001 ilichapishwa Marekani ripoti ya wagonjwa wenye makovu ya ini, ambao kwao kuichanganya furosemidi na albumini hakukuongeza mkojo kuliko furosemidi peke yake. Mwaka wa 2005 jaribio jingine la Marekani, la wagonjwa 40 waliokuwa mahututi kwa maradhi ya mapafu na wenye protini kidogo katika damu, lilionyesha kwamba waliopewa zote mbili walitoa maji zaidi na kupata hewa vizuri zaidi. Jaribio hilo, hata hivyo, lilikuwa dogo mno kutuambia kama walipona kwa wingi zaidi. Mwaka wa 2014 watafiti waliyajumlisha majaribio yaliyokuwapo. Waliona kwamba mchanganyiko huo uliongeza mkojo kwa takriban robo lita katika saa 8 za kwanza, lakini zilipotimia saa 24 tofauti haikuonekana tena waziwazi. Majaribio yenyewe yalikuwa machache na madogo.

Robo lita ni kikombe kimoja cha chai. Sikisemi kikombe hicho kwa dharau, kwa sababu kwa mtu anayekosa pumzi chaweza kuwa na maana. Nasema tu kwamba mzee aliyeuza mtamba alikuwa na haki ya kujua kwamba huenda ananunua kikombe kimoja.

Nilipokutana tena na mwanafunzi wangu, nilimuuliza hali ya mamake. Alisema chupa mbili zilipatikana. Siku zile mbili Mama alikojoa sana na miguu ikapungua. Pesa zilipokwisha, uvimbe ukarudi polepole. "Albumini ilikuwa inafanya kazi, Mwalimu, ila tulishindwa kuinunua," akasema, nami nikaona uchungu machoni pake, uchungu wa mtoto anayeamini kwamba mzazi wake anateseka kwa sababu ya umaskini wao.

Nilimuuliza kama siku hizo mbili dawa ya kukojosha ilibadilishwa. Alifikiri kidogo, akakumbuka: vidonge viliondolewa, akawa anadungwa sindano, na sindano zilipoisha akarudishiwa vidonge. Basi, msomaji, mkojo ule uliletwa na nini? Na chupa iliyouzwa kwa maelfu ya shilingi, au na sindano ambayo bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya hiyo? Mimi sijui, na familia haiwezi kujua, kwa sababu mambo mawili yalitendeka kwa wakati mmoja. Lakini wote nyumbani walikwisha kutoa hukumu: ni ile chupa. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo iliyowagharimu.

Hapa lugha yetu yenyewe hutuponza. Tumezoea kuambiana kwamba rahisi ni ghali, yaani kitu cha bei ya chini huishia kumtia mnunuzi hasara. Methali hiyo ina hekima yake sokoni. Kosa letu ni kuigeuza na kudhani kwamba kilicho ghali lazima kiwe bora. Mwanafunzi wa mantiki angelitambua kosa hilo mara moja akilikuta katika mtihani. Akilikuta hospitalini, mamake akiwa kitandani, halitambui.

Nisieleweke visivyo. Sisemi kwamba albumini ni ulaghai, wala kwamba daktari anayeiandika ana nia mbaya. Kuna wagonjwa ambao kwao imeokoa maisha. Mwaka wa 1999 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba mgonjwa wa ini ambaye maji ya tumboni yameingiwa na maambukizi, akitibiwa kwa albumini pamoja na dawa ya kuua viini, huwa na nafasi bora zaidi: vifo hospitalini vilishuka kutoka asilimia 29 hadi 10. Vilevile, mgonjwa wa ini anapotolewa tumboni maji yanayozidi lita 5 kwa mara moja, madaktari humpa gramu 8 hivi za albumini kwa kila lita iliyotolewa ili damu yake isikose msukumo. Hata watoto wenye figo zinazovuja, wakiwa wamevimba vibaya huku mishipa yao ikiwa na upungufu wa damu, huweza kuihitaji kwa uangalifu mkubwa.

Hata kwa wagonjwa wa ini wenyewe, majibu hayafanani. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka wa 2018, wa wagonjwa 440 waliokuwa wakitumia dawa za kukojosha, ulionyesha kwamba waliopewa albumini kila juma kwa miezi 18 walinusurika kwa asilimia 77, ilhali wasiopewa walikuwa asilimia 66. Mwaka wa 2021 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa zaidi ya 700 waliolazwa kwa ini kudhoofika haukuona faida ya kuipandisha albumini yao hadi gramu 30 kwa lita. Tena, waliopewa albumini nyingi ndio waliojaa maji mapafuni zaidi. Dawa ya kuvuta maji kwenye mishipa yaweza kuyavuta kupita uwezo wa moyo.

Kwa hivyo swali si kama albumini ni dawa au si dawa. Swali ni hili: ni kwa mgonjwa yupi, kwa sababu gani, kwa siku ngapi, na tutajuaje kwamba imesaidia? Na swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hajaelezwa.

Hapa narudi katika shamba langu. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 yamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, na faida, hatari na gharama za kila mojawapo. Tena sheria hiyohiyo yasema kwamba, inapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hatuna upungufu wa sheria. Tuna upungufu wa mazoea.

Najua madaktari wana jibu. Wataniambia kwamba foleni ni ndefu, wao ni wachache, na tena Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Hoja mbili za kwanza nazikubali kwa heshima. Ya tatu naikataa. Makala haya yote yametumia maneno mawili tu mageni kwa msomaji wa kawaida, albumini na furosemidi, nayo ni majina ya vitu, hayana ugumu kuliko penisilini, ambayo nyanya zetu waliitamka bila taabu. Mengine yote, figo, ini, chumvi, mshipa, kuvuja, kuvimba, kuvuta, ni maneno ambayo mtoto wa darasa la nne anayajua. Kinachokosekana si msamiati. Ni desturi ya kuketi na jamaa za mgonjwa kwa dakika tano na kuzungumza nao kama watu wenye akili.

Nao jamaa wana wajibu wao. Heshima kwa daktari si kunyamaza mbele yake. Familia inayotumwa kununua albumini yaweza kuuliza kwa adabu: "Daktari, uvimbe huu unatokana na nini? Je, kipimo cha dawa ya kukojosha kimeongezwa, au imejaribiwa kwa sindano? Je, tumepunguza chumvi katika chakula? Albumini inatarajiwa kufanya nini kwa mgonjwa wetu, na tutapima nini, uzito au mkojo, kujua kwamba imefanya? Tukishindwa kuinunua, kuna njia gani nyingine?" Daktari anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Wenzangu wa kitivo cha udaktari waliniambia kwamba wao wenyewe hubishana juu ya mambo hayohayo wodini kila siku.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tunawafundisha vijana ufahamu, ufupisho na insha, na kuwatahini kuhusu wahusika wa riwaya. Tuwape pia, hata mara moja kwa muhula, karatasi ya hospitali au kijikaratasi kinachotiwa ndani ya paketi ya dawa, wakieleze kwa Kiswahili ambacho nyanya zao watakielewa. Hilo nalo ni zoezi la ufahamu, na alama zake huenda zikatolewa siku ambayo mwalimu hayupo.

Mwanafunzi wangu sasa ameandika maswali yake kwenye daftari, na Jumamosi hii atakwenda nayo hospitalini pamoja na babake. Sijui atajibiwa nini. Pengine daktari atamweleza sababu nzuri ya kutaka chupa tatu zilizosalia, na ikiwa hivyo nitaandika jina langu kwenye karatasi mara ya pili. Lakini safari hii yule mzee akienda sokoni na mnyama mwingine, atakuwa anajua anachokwenda kununua.